Pipi Zilizovimba kwenye Maji ya Chumvi

Ilemela
4 Agosti 2025

Mpendwa Teodora,

Kuna jambo nimelificha kwa zaidi ya miaka arobaini, nalo linamhusu kaka yako Luhaga na ule mtihani wa baiolojia wa vitendo wa mwaka 1984. Nimeanza na hilo ili nisipate nafasi ya kulikwepa, maana najijua.

Barua yako aliniletea Prudencia, binti yangu, jana baada ya misa. Umefanya vizuri kuandika. Simu siisikii tena. Watu wanapiga kelele, mimi naitikia tu ndiyo, ndiyo, halafu najikuta nimekubali mambo nisiyoyajua. Macho bado yapo. Daktari amesema moyo umechoka. Hakutaja muda, nami sikumwuliza.

Barua nimeisoma mara tatu. Unasema shule yenu haina maabara, kwa hiyo ulinunua pipi za jeli sokoni Mirongo ukazitumbukiza kwenye vikombe viwili, kimoja cha maji matupu na kingine cha maji yenye vijiko viwili vya chumvi, zikalala humo. Ulitaka kidato cha pili waone osmosisi: maji yanavyohama kutoka upande mwepesi kwenda upande uliokolea. Darasa zima likaandika kwamba pipi ya kwenye chumvi imesinyaa, kama kitabu kinavyosema juu ya kiazi. Msichana mmoja akaandika kwamba imevimba. Ukampa sifuri. Sasa hulali vizuri, unaniuliza nani amekosea.

Nitakujibu. Lakini kwanza la Luhaga. Mwaka ule mimi ndiye niliyeandaa mtihani. Nilikuwa na ufunguo wa maabara peke yangu, mimi na Obedi mhudumu

Nimeamka. Sasa ni asubuhi ya tarehe tano. Nimesoma nilichoandika jana na sijui nilitaka kumalizia vipi. Prudencia anataka kuituma leo kwa mtu anayevuka kuja huko. Nimwache aitume.

Luhaga yu hai? Sikuwahi kuuliza.

Mwalimu wako,
Projest Kashaija


Busisi
11 Agosti 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua yako imenichanganya, nisamehe kusema hivyo. Niliuliza habari ya pipi, nawe umenifungulia mlango wa nyumbani kwetu ukaniacha nimesimama kizingitini. Umeficha nini juu ya Luhaga? Yu hai. Anaishi hapa hapa Busisi, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Miaka mingi alibeba mizigo kivukoni. Toka daraja lifunguliwe wasafiri wanapita bila kusimama, kwa hiyo sasa analima mihogo.

Labda umesahau mambo yetu, nikukumbushe. Luhaga ni mkubwa kwangu kwa miaka minne. Baba alimshikisha fimbo ya ng'ombe kwanza, shule baadaye, ndiyo maana tulisoma darasa moja. Mimi nilikuwa nanakili kwake. Wewe mwenyewe ulikuwa unamwita "daktari". Siku ya ule mtihani wa vitendo alirudia jaribio la kiazi mara tatu, swali la pili hakuligusa, na matokeo yalipotoka baiolojia ikamfungia chuo cha utabibu. Baba, Mzee Nkwabi, akamwambia mbele ya wageni: "Una macho ya kuonea uongo." Baba alikufa hajayafuta maneno hayo.

Na yalimwingia. Ukimwuliza Luhaga kama mvua inanyesha, anatoa mkono nje, anautazama, kisha anamwuliza mkewe, "Dorcas, hii ni mvua?" Watu wanacheka. Mimi nilikuwa nacheka pia.

Sasa la pipi, maana lina tarehe yake ya mwisho. Huyo msichana anaitwa Queen. Nilimsimamisha nikamwuliza, "Queen, umeandika nini hapa?"

"Nilichoona, Mwalimu."

"Kitabu kinasemaje?"

"Kitabu hakikuwepo kwenye kikombe, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko, nami nikaandika sifuri kwa hasira. Jioni nilipotaka kuhakikisha, vikombe vilikuwa vitupu. Nikauliza nani amekula jaribio. Halafu mmoja wa nyuma akasema, "Za chumvi hazifai, Mwalimu, zinafanana na dagaa," kabla hajagundua kwamba amejishtaki.

Kwa hiyo ushahidi uko tumboni mwa kidato cha pili. Mwalimu wa taaluma, Ngosha, amesema Queen arekebishe daftari au ahamishiwe mchepuo wa sanaa. "Msahihishaji hatamwuliza ameona nini," aliniambia. "Atamwuliza jibu ni lipi." Kikao ni tarehe 29. Queen hataki kufuta. Mama yake, anayeuza uji pale stendi, amekuja kunipigia magoti nimlazimishe.

Mimi nimebakiza miezi michache nistaafu, na sijui nimshauri nini mtoto huyu. Naomba jibu. Na lile lingine nalo, tafadhali lisemwe hadi mwisho.

Mwanafunzi wako,
Teodora Nkwabi


Ilemela
19 Agosti 2025

Mpendwa Teodora,

Marahaba. Mtoto yuko sahihi.

Pipi ya jeli ni sukari iliyogandishwa. Mbele yake, vijiko viwili vya chumvi ni maji mepesi tu. Maji yataingia ndani ya pipi kwa vyovyote, ila kwenye kikombe cha chumvi yataingia kidogo kuliko kwenye maji matupu. Kiazi ni habari nyingine. Ndani yake hakijakolea hivyo, ndiyo sababu chumvi hukinyonya maji. Kosa lenu ni kuchukua jibu la kiazi mkaipa pipi. Rudia jaribio mbele ya huyo Ngosha. Kila mmoja aandike urefu kwa rula, na vitabu vifungwe vikae kabatini. Mlinzi wa vikombe awe mtu asiyependa utamu.

Nimefurahi kuandika aya hiyo. Nilijisikia niko darasani.

Renatha ameniletea uji. Amekaa hapa pembeni ananitazama. (Prudencia amesoma mstari huo na kunisahihisha: ni yeye. Mama yake tulimzika miaka tisa iliyopita. Sawa.)

Sasa Luhaga. Kulikuwa na chupa mbili kwenye kila meza. Chupa A ilipaswa kuwa na maji ya sukari iliyokolea, chupa B maji matupu. Mwanafunzi anakata vipande vya kiazi vya milimita hamsini, anavitumbukiza, anasubiri, anapima. Kwenye A kipande kifupike, kwenye B kirefuke. Wanafunzi thelathini na saba waliandika hivyo. Luhaga peke yake aliandika kwamba kipande cha A kimerefuka.

Alichoandika kilikuwa kweli. Obedi, mhudumu wa maabara, alibandika lebo kinyume. Niligundua jioni nikiosha chupa, na bahasha zilikuwa zimekwishafungwa. Obedi alikuwa na watoto sita. Kama ningesema, angefukuzwa kazi. Nikanyamaza kwa ajili yake. Alifariki mwaka 1999, Mungu amrehemu.

Hilo ndilo nililolificha. Mwambie Luhaga kwamba macho yake hayakuwa na kosa. Mwambie mwalimu wake anaomba radhi kwa kunyamaza.

Nimeisoma barua hii mara mbili kabla ya kuifunga. Nilidhani nikishaandika nitapumua.

Projest Kashaija


Busisi
2 Septemba 2025

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nianze na jema. Tulirudia jaribio tarehe 28, nikalinda vikombe mwenyewe, nimelala ofisini kama askari wa benki. Asubuhi Ngosha akaja na rula yake. Akapima pipi ya maji matupu: imekuwa kubwa kama kidole gumba. Akapima ya chumvi: imevimba, kidogo, lakini imevimba. Akapima tena. Akanigeukia. "Rula hii ya wapi?"

"Ni yako, Mwalimu Ngosha."

Queen hakucheka. Aliniomba tu kalamu nyekundu, akasimama nayo mbele yangu mpaka nikakumbuka kwamba sifuri ile bado ipo. Nimeifuta. Anabaki sayansi.

Jioni ile nikaenda na barua yako kwa Luhaga. Alikuwa anapukuchua mahindi, Dorcas anapepeta. Nikamsomea yote, polepole, mara mbili. Nilitegemea atalia, au atasimama. Aliendelea kupukuchua. Halafu akasema, "Obedi hakukosea lebo."

Nikamwuliza amejuaje.

"Niliramba."

Mwalimu, sijawahi kusikia neno hilo kwake miaka yote. Anasema kipande kiliporefuka mara ya kwanza alidhani amechanganya vyombo. Mara ya pili alidhani kisu. Mara ya tatu, msimamizi alipogeuka, akachovya kidole kwenye chupa A akaonja, kisha chupa B akaonja. Kama lebo zingekuwa zimebadilishwa, utamu ungekuwa kwenye B. Haukuwepo. B ilikuwa maji ya bomba. A nayo ilikuwa maji ya bomba, labda na utamu wa mbali, kama kikombe cha chai kisichosuuzwa vizuri. Hakumwambia mtu kwa sababu ulitufundisha kwamba anayeonja kitu maabara anafukuzwa mtihani, naye aliogopa kufukuzwa.

Dorcas aliacha kupepeta. "Miaka yote hii unalala na mimi una siri ya kuramba chupa?"

"Ulikuwa huulizi," akamjibu, na nadhani alitabasamu. Sina hakika. Kulikuwa na vumbi la mahindi.

Sasa na mimi niseme langu, maana siwezi kukuandikia kama msafi. Nilikaa meza iliyokuwa nyuma ya Luhaga. Kipande changu cha A nacho kilirefuka. Nilikiona. Nikaandika kimefupika, milimita arobaini na nane, kwa sababu daftari lako lilisema arobaini na nane. Nikafaulu. Nikapelekwa ualimu. Nimefundisha osmosisi miaka thelathini na sita kwa alama niliyoipata kwa kutoamini kiazi. Luhaga alipotukanwa na baba nilikuwa jikoni, nasikia. Nilimwambia haya jana. Akaniambia, "Nilijua. Nilichungulia karatasi yako." Kisha akanipa mihogo nikapike.

Ndiyo maana nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilipoanza. Kama lebo zilikuwa sawa, sukari ya chupa A ilikwenda wapi? Kwa nini umemtaja Obedi, ambaye hawezi kujibu?

Luhaga hataki radhi. Ana swali moja, na anasema alishakuuliza. Mwaka 1985, matokeo yalipotoka, alitembea hadi nyumbani kwako, akasimama mlangoni akakuuliza, "Mwalimu, wewe uliona nini?" Ukamwambia aende akajifunze kuona. Anauliza tena.

Teodora


Ilemela
9 Septemba 2025

Mwalimu Teodora,

Shikamoo. Mimi ni Prudencia. Barua yako ya tarehe mbili imefika, baba ameisoma, na tangu hapo hatulali humu ndani kwa maswali.

Hali si nzuri. Miguu imevimba, pumzi inakatika akiinuka. Tulimpeleka hospitali, wakatupa dawa, wakasema tumrudishe nyumbani apumzike. Nadhani unaelewa maana yake.

Sielewi kinachoendelea kati yenu. Ananiuliza kama sukari ipo ya kutosha wageni. Namwambia ipo, kilo tatu, na hakuna wageni. Ananitazama kama nadanganya. Juzi aliniuliza kama meli ya Bukoba imeingia na kama mjomba wangu mkubwa amepata kiti. Huyo mjomba amekufa mimi niko darasa la nne. Kisha anatulia kabisa, ananieleza kwa ufasaha kwamba hajachanganyikiwa, anapanga tu mambo kwa mfuatano wake.

Nimejitolea kumwandikia, amekataa. Nimekuta karatasi nne chini ya mto, zote zimeanza "Bwana Luhaga" na kuishia hapo.

Kama kuna kitu kati yenu kinachomuumiza, dada yangu, naomba mkiache. Na kama kuna kitu kinachomsaidia, naomba mharakishe. Mimi sijui kipi ni kipi.

Prudencia Kashaija


Ilemela
14 Septemba 2025

Bwana Luhaga Nkwabi,

Dada yako amenifikishia swali lako. Ninakuandikia wewe moja kwa moja, jambo ambalo nilipaswa kulifanya ulipokuwa kijana na mimi nina nguvu za kutazamwa usoni.

Obedi hakufanya kosa lolote. Alibandika lebo zake vizuri, kwa gundi ya unga aliyoipika mwenyewe. Nilimtupia kosa kwa sababu amekufa, na kwa sababu hadithi ile ilinifanya mimi niwe mtu aliyenyamaza kwa huruma. Nilipoiandika niliiamini nusu. Ukikaa na uongo muda mrefu unaanza kuupa majina ya watu.

Mwaka ule sukari haikupatikana. Unakumbuka foleni. Kwa ajili ya mtihani tulipewa kibali maalumu, na duka la mkoa likatoa kilo mbili. Niliziweka kwenye kabati la maabara, nikafunga, nikatia ufunguo mfukoni.

Prudencia alikuwa na wiki tatu. Ijumaa nikapata habari kwamba wakwe zangu wanatoka Bukoba kwa meli kuja kumwona mtoto, watu kumi na moja, na mkuu wa ukoo wao yumo. Hawa ni watu waliokuja na ndizi, na kahawa ya kutafuna, na senene, wale panzi wa kwao, waliokaangwa, kutoka kwenye nyumba zenye migomba na vyeo. Walikuwa hawajanipenda tangu mwanzo. Renatha aliniambia, "Utawapa chai isiyo na sukari, Projest? Baba yangu atainywa, atashukuru, na atarudi nayo Bukoba ataisimulia hadi tuzeeke." Nikamwambia nitatafuta. Akasema, "Utafute wapi? Nchi nzima inatafuta."

Jumamosi jioni nilifungua kabati. Nilijiambia nachukua robo. Wageni walikaa siku mbili. Jumatatu usiku nikarudisha mfuko maabara, ukiwa na kiasi kisichojaza kikombe. Mtihani ulikuwa Jumanne saa mbili. Nilikoroga kile kilichobaki kwenye maji ya chupa zote za A, nikajiambia osmosisi haina haja ya sukari nyingi, ina haja ya sukari tu. Mimi, mwenye shahada, nilijiambia hivyo. Baba mkwe aliisifu chai. Ndiyo mara pekee aliwahi kunisifu.

Nimeandika hadi hapa kwa siku mbili. Renatha hakujua sukari ilitoka wapi. Sitaki Prudencia adhani mama yake alijua.

Kuna lingine, na hili ndilo uliloliuliza. Wewe na Teodora mnaweza kudhani nilikuwa sijui matokeo ya chupa zile hadi baadaye. Sivyo. Kuna kazi ambayo wanafunzi hamkuwa mkiijua. Mwalimu wa somo analazimika kufanya mtihani yeye mwenyewe, siku ile ile, kwa chupa zile zile, kisha anaandika alichopata na kukitia kwenye bahasha pamoja na karatasi zenu. Msahihishaji huko aliko hawezi kuziona chupa. Anaifungua karatasi ya mwalimu kwanza, na kwa hiyo anajua nini kilionekana katika chumba kile. Kama chupa zilikuwa na hitilafu, karatasi ile ndiyo inayomwokoa mwanafunzi aliyesema kweli. Iliwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Nilifanya jaribio kwenye meza ya mbele, mgongo wangu kwa darasa. Ulikuwa unarudia kwa mara ya tatu, nasikia kisu chako kwenye kibao. Wengine wote walikwishaweka kalamu chini. Nilitoa kipande changu kutoka chupa A, nikakikausha kwa karatasi, nikakilaza kwenye rula. Nilikipima mara mbili.

Uliniuliza niliona nini. Kwenye karatasi ya msahihishaji niliandika milimita arobaini na nane. Kwenye rula kiazi kilikuwa na hamsini na mbili.

Projest Kashaija